Mipasuo Minne ya Ayeeyo

Siku moja nikiwa Nairobi kwa semina ya kazi, mwenzangu alinikokota kwenda kuona maonyesho ya mablanketi ya viraka. Yalikuwa yametundikwa ukutani, kila moja na jina la mshonaji wake, na chini pameandikwa: Usiguse. Mwenzangu akanieleza kwamba washonaji wale wana chama chao, na kila mwaka hupeana shindano. Wote hukatiwa kitambaa kimoja, kisha kila mtu anakwenda kwake kuona atakitumiaje. Mimi nikasogeza pua. Akanivuta mkono kwa aibu, akidhani nataka kugusa, kumbe nilikuwa nanusa tu, na wallahi mablanketi yale hayakunuka kitu.

Viraka ninavyovijua mimi vina harufu. Vinanuka ubani, moshi na mafuta ya mkia wa kondoo. Nilirudi Garissa na harufu hiyo kichwani, haikutoka wiki nzima, hadi nikaona bora niandike kuliko kuendelea kunusanusa makabati ya watu.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Uani kwetu palikuwa na kibanda cha mabati, na humo kila alasiri kina mama wa mtaa walikanyaga cherehani tatu wakishona sadaka. Walishona sare za mayatima. Walikata sanda za watu waliokufa bila jamaa, kazi iliyofanywa kimya kabisa, na sisi watoto tulifukuzwa. Mkuu wao alikuwa Mwalimu Mwanaisha, mwanamke mrefu kutoka pande za Lamu aliyeolewa kwetu, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata ukimjibu unajihisi umevaa nguo chafu. Alipenda mashindano kuliko sukari. Hata vifungo vya mashati ya shule alivigeuza mashindano.

Msimu huo kazi iliyokuja ilikuwa kubwa kuliko zote. Walikuwa wanashona nyumba.

Mwenye nyumba aliitwa Habiba, binti wa dada yake Ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa mama. Habiba aliishi mbele ya Sangailu na ukame ulikuwa umemmaliza. Kwetu nyumba ni mali ya mwanamke: yeye ndiye huikunja ile miti kuwa kuba, huifunika kwa mikeka, huibomoa wakati wa kuhama na kuipakia juu ya ngamia. Ngamia wa Habiba alikufa, mikeka yake ikaliwa na mchwa, akabaki na karatasi ya plastiki ya msaada iliyochanwa na jua. Mvua iliyotangulia ilimkuta chini ya plastiki hiyo na mtoto mchanga. Mtoto alilowa, akashikwa na kifua, na siku ya tatu wakamzika. Sasa Habiba alikuwa na mimba iliyotimia miezi, na mvua nyingine ilikuwa njiani.

Kufuma mikeka mipya kungechukua mwaka. Mwalimu Mwanaisha akasema, "Hatuna mwaka. Tutaishona."

Basi shindano likatangazwa. Mwenye duka mmoja alitoa jora la kitambaa cha buluu chenye vitone vyeupe, na kila mmoja wa wanawake wanane akakatiwa mkono mmoja. Kila mtu alitakiwa kushona pande moja la ukubwa wa mlango kwa madera na mitandio ya zamani, na ile buluu lazima ionekane. Katikati ya kila pande waliweka magunia ya mchele yaliyofunguliwa, na ndani kabisa bitana ya blanketi kuukuu. Mishono yote waliipaka mafuta ya mkia wa kondoo ili maji yateleze. Mshindi angepewa mkasi mpya wenye mpini mwekundu.

Saba walishona mapande ya ubavuni. La nane, lile la paa, alipewa Ayeeyo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka.

Niseme ukweli kuhusu Ayeeyo, maana sasa hayupo wa kunikasirikia. Mimi nilimwonea haya. Alikuwa amekuja mjini kutoka porini baada ya mifugo yake kwisha, na mjini kila kitu kilimshinda: swichi ya taa, simu, kitasa cha mlango wa choo. Cherehani hakuiamini kamwe. Alisema chombo kinachokula uzi kwa pupa namna ile hakina adabu. Akashona kwa mkono, kwa sindano nene ya magunia, akinyamaza. Na alipotaka kupima alifanya kituko ambacho hadi leo nakiona: alisimama katikati ya ua jua likiwaka, akafumba macho, akatanua mikono, akazunguka polepole huku akipapasa hewa. Kina mama waliangua kicheko. Eeddo Kaltuma, shangazi yangu, akauliza kama majini wamempigia simu. Mimi nilijifanya natafuta kitu nyuma ya tangi la maji.

Kazi yake ilipokamilika ilikuwa nzuri, hilo hata Kaltuma alikubali. Ilikuwa ya mviringo, na ile buluu aliikata vipande vyembamba akaitawanya kutoka katikati hadi ukingoni, hata ukiiangalia sana unadhani inazunguka. Ila ilikuwa na mipasuo minne. Kila mmoja ulianzia ukingoni ukaingia ndani kiasi cha mkono mzima, na kingo zake zilipigwa mishono mirefu ya ovyo, ile ya muda ambayo mafundi huita bandi, kana kwamba mshonaji alikusudia kurudi kuifunga akasahau.

Siku tatu kabla ya safari, Ayeeyo alipata nafasi katika pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi, akatangulia kwenda kukata miti na kusimamisha kuba. Alimkabidhi Mwalimu kazi yake ikiwa imekunjwa. Kisomali kwake kilikuwa mto, lakini Kiswahili alikitoa kwa kijiko.

"Maalima, hii kwisha," alisema. "Mimi natangulia. Mfua iko karibu."

"Mama, umemaliza kweli?"

"Kwisha kabisa."

Kesho yake ikaja habari kwamba Habiba amejifungua salama, mtoto wa kike. Siku iliyofuata Mwalimu akatandaza mapande yote uani kwa ajili ya hukumu. Alipofika kwenye paa akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mpasuo mmoja, akatikisa kichwa.

"Maskini Mama," alisema. "Mkono ni wa dhahabu, macho ndiyo yamemtupa. Ameacha kazi njiani."

"Ameacha madirisha," alisema Kaltuma. "Habiba atahesabu nyota akiwa kitandani."

Walicheka, si kwa ubaya, kisha adhana ya alasiri ikaita na wote wakaenda kutawadha. Nikabaki peke yangu na lile paa.

Nilikuwa najua kukanyaga cherehani. Sasa mnielewe: sikufanya utundu. Yalikuwa mapenzi. Nilimwona nyanya yangu akichekwa mbele ya mapande saba yaliyokamilika, nikasema moyoni, huyu hana mtu ila mimi. Nikaburuta paa hadi kwenye cherehani kubwa, ile yenye uzi wa magunia, nikafunga mpasuo wa kwanza. Ukaonekana umelegea, nikaupitisha tena. Nikafanya hivyo yote minne, kila mmoja mara mbili, jasho likinichuruzika hadi puani. Waliposema salaam mwishoni mwa sala, mimi nilikuwa nimekwisha kulirudisha mahali pake na kujitia hamnazo.

Mwalimu aliporudi aliliinamia lile paa.

"Nani amefunga hapa?"

Nikatazama kuku.

Alinitazama, akatazama mishono, akatabasamu kidogo. Nadhani alijua. Hakuuliza tena. Alisema tu kwamba sasa kazi imetimia, na kwamba hakuna pande lililolifikia. Mkasi wa mpini mwekundu alinipa mimi nimpelekee Ayeeyo. Usiku huo niliulaza chini ya mto wangu, na nilijiona mimi ndimi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, wanawake saba, mimi, Mwalimu na nyumba iliyokunjwa, nyuma ya lori la kubebea ng'ombe lililoazimwa. Njia ni ndefu na lori halikuwa na haraka. Tulipopita Ijara upepo ulibadilika. Kaltuma, ambaye kutoka asubuhi alikuwa hajafunga mdomo, alifunga mdomo. Upande wa bahari, mbali kabisa, mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya sufuria.

Tulifika baada ya adhuhuri, na hapo ndipo nilipoliona kuba.

Sijui nilitarajia nini. Pengine rundo la vijiti. Nilikuta miti myembamba iliyokunjwa ikapita mmoja juu ya mwingine, imefungwa kwa kamba kila ilipokutana, duara lisilo na upande mzito wala mwepesi, limesimama katika uwanda ule mtupu bila msumari hata mmoja. Ayeeyo alikuwa juu ya jerikani, anakaza fundo la mwisho. Mjini alikuwa akitembea ameinama. Hapa alisimama wima, na alipomwamuru dereva asogeze lori, dereva alisogeza mbio. Nilimtazama nikashindwa kumkimbilia, maana sikuwa na hakika ni yeye.

Ndani ya miti ile, juu ya mkeka pekee uliobaki, aliketi Habiba. Alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili na hakusalimia kwa mkono. Alikuwa akitazama mbingu.

Mwalimu Mwanaisha alizunguka kuba mara moja, akagusa fundo, akasema polepole, "Usione vyaelea, vimeundwa." Kisha akaanza kupokea amri kwa Ayeeyo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Mapande ya ubavu yalipanda upesi. Ya chini kwanza, kisha ya juu yakilalia ya chini. Nyekundu za harusi za zamani, kijani, manjano, na ile buluu ya vitone ikijitokeza hapa na pale. Ngurumo ya kwanza ikasikika. Kisha likaja paa. Wanne walilirusha juu, na halikukaa.

Lilisimama kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto. Likafanya mikunjo minne mikubwa, na katikati ya mikunjo pakabaki mabonde ambayo hata mimi niliona yatajaa maji. Upepo ukaingia chini yake ukaliinua. Wakalivuta kulia, likakataa. Wakalivuta kushoto.

"Mama hakupima," alisema Kaltuma kwa sauti ya chini. "Uzee huu."

Ayeeyo alipanda tena juu ya jerikani, akanyoosha mkono, akapapasa mahali palipokuwa mpasuo. Vidole vikaenda, vikarudi. Akapapasa wa pili. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Nimefunga," alisema kwa Kisomali, kwa nafsi yake. "Nimefunga? Niliacha wazi ndimi zipishane. Ulimi juu ya ulimi, kamba ipite katikati, ifungwe kwenye mti. Niliacha." Akatugeukia. "Si niliacha?"

Kina mama walitazama chini kwa heshima, ile heshima mbaya anayopewa mtu aliyeanza kupotewa na akili. Na yeye akaiona. Alishuka kwenye jerikani taratibu, akakaa juu yake, akatazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine.

"Basi ni kichwa changu," alisema.

Wakati wote mjini sikuwahi kumwona Ayeeyo akiogopa. Alishangaa, alikasirika, alipotea njia ya sokoni, lakini kuogopa, hapana. Sasa aliogopa, na si mvua. Ningeweza kunyamaza. Wote walikuwa wamekwisha kumhukumu, na Mwalimu, kama alijua, hakuwa mtu wa kumtaja mtoto. Nilitamani kunyamaza kwa kila mfupa. Nikamtazama Habiba ndani ya miti, paa halipo juu yake, na mtoto, na nikatembea hadi mbele ya jerikani.

"Ayeeyo, ni mimi. Nilishona mimi. Walikuwa wanakucheka."

Ngurumo ikapita. Alinitazama machoni.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa uzi gani?"

"Wa magunia."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Kila mmoja."

Nilifumba macho kusubiri kofi. Badala yake nilisikia, "Alhamdulillah," kisha tena, "Alhamdulillah, ya Rabbi," na nilipofumbua alikuwa anacheka, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. Akashika masikio yangu mawili. Kwetu nyanya na mjukuu huitana jina moja, naye aliniita kwa jina hilo. "Ayeeyo, umenirudishia kichwa changu," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Sasa panda. Wewe ulifunga, wewe ufungue."

Nikatoa ule mkasi wa zawadi. Akausukuma pembeni. "Huo utakula nguo. Leta wembe. Fumua uzi, uzi peke yake."

Mwalimu Mwanaisha alivua viatu, akachuchumaa, akasema, "Haya, mwanangu, mabegani." Mwanamke yule ambaye hakuruhusu hata vumbi kwenye pindo la buibui lake alisimama nami juu ya mabega yake na miguu yangu michafu. Nikalala kifudifudi juu ya kuba. Miti ilinung'unika, haikuvunjika. Wembe ukapita chini ya mshono wa kwanza, uzi ukakatika kwa sauti ndogo, na mwingine, na mwingine, na mishono ilikuwa midogo na ya karibukaribu, maana nilikuwa nimeshona kwa bidii, Mungu anisamehe. Sijawahi kuchukia kazi yangu mwenyewe kiasi kile.

Kutoka juu niliona mambo mawili. La kwanza ni mvua. Ilikuwa inakuja uwandani, ukuta wa kijivu, na mbele yake vumbi lilikuwa likiruka. La pili lilikuwa chini yangu. Mpasuo wa kwanza ulipofunguka, nilitazama ndani nikakutana na macho ya Habiba, hatua chache tu, yamenikodolea. Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

"Usitazame mbingu," Ayeeyo aliita kutoka chini. "Tazama uzi."

Kila mpasuo ulipofunguka, wanawake walivuta, ulimi ukalala juu ya mwenzake, na Ayeeyo akapitisha kamba ndani, akaizungusha kwenye mti, akaikaza kwa goti. Mkunjo ukatoweka. Wa pili ukatoweka. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikipapasa uani kwetu macho yakiwa yamefumbwa. Alikuwa amesimama ndani ya nyumba hii. Alizigusa kuta zake wakati miti yake ilikuwa bado msituni, na sisi wasomi tulikaa tunacheka.

Wa nne ulikuwa haujafika mwisho matone ya kwanza yaliponipiga mgongoni, mazito. Vidole viliteleza. Nikajikata kidole gumba, nikafumua kwa damu. Uzi wa mwisho ulipokatika, Kaltuma alinivuta miguu nikaanguka mikononi mwake, na Ayeeyo akakaza kamba ya mwisho huku maji yakimtiririka usoni.

Tulijisukuma ndani wote kumi, tukabanana ukutani. Mvua ilitua juu yetu kwa kishindo, ikanguruma, na hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Tulitazama juu. Hata Mwalimu alitazama juu, mdomo wazi, mtandio umemteleza. Kila mtu alikuwa akisubiri tone.

Habiba peke yake hakutazama tena. Alikuwa amemlalia mtoto, amejikunja juu yake mgongo ukiwa ndio paa, magoti na viwiko ndiyo kuta, na alikuwa akitetemeka. Nilitambua kwamba hivyo ndivyo alivyofanya mara ile nyingine, na kwamba haikutosha.

Ayeeyo alinivuta kwake. Akachukua mkono wangu, akaukausha kwa mtandio wa ndani, kidole kwa kidole, akakifunga kile cha damu, kisha akaniinua. "Papasa," alisema sikioni mwangu. Nikapitisha kiganja mahali pa kupishana ndimi, mahali nilipofunga na kufungua. Akanizungusha. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne nilirudi mara mbili, maana niliogopa kuamini.

"Haya?"

"Pakavu, Ayeeyo."

"Mimi najua. Mwambie yeye."

Nikapiga magoti juu ya mkeka, nikaweka mdomo karibu na sikio la Habiba. "Habaryar," nikasema, yaani mama mdogo, "haivuji."

Hakunyanyuka. Nikashika mkono wake, nikaupeleka kwenye bitana iliyoinamia kichwa chake, naye akapapasa mwenyewe, hapa na hapa, kwa muda mrefu, huku mkono wa pili ukiwa bado umemfunika mtoto. Kisha mgongo wake ukaanza kunyooka, polepole. Akamfungua mtoto kutoka kifuani, akamlaza juu ya mkeka peke yake, akaondoa mikono.